"Bila utafiti huna haki ya kusema": huu msemo ni wa nani hasa?

#1 Kipanga wa Kibaha
Wakuu salaam.
Leo ofisini, saa ya chai, kumetokea ubishi na sasa kuna kreti ya soda iko rehani. Ilikuwa hivi: bosi anaongelea bei ya mbolea, kijana wa masjala akachomekea la kwake, bosi akamkata palepale: "Wewe, bila utafiti huna haki ya kusema." Kijana akanywea. Mimi kwa kutaka kupoza hali nikasema, bosi hapo kamnukuu Mwalimu. Mhasibu wetu alicheka hadi kipande cha chapati kikamdondokea kwenye leja. Eti huo msemo ni wa Mchina.
Mimi nimeusikia kwa mwalimu wa Siasa shule ya msingi, nikaukuta JKT, nikaukuta chuo, na bungeni ndiyo usiseme. Wote wanautoa kama mali ya nyumbani. Wajuzi njooni, kreti ni kesho saa nne.

#2 Mama Lishe Msomi
Nyerere huyo. Uzi ufungwe.

#3 Bonde la Msimbazi
#2 hotuba ipi, mwaka gani?

#4 Mama Lishe Msomi
Kila kitu hadi mwaka? Wazee wetu wote wanajua ni Mwalimu. Ukisikia ule msemo sauti inayokujia kichwani ni ya nani kama si yake?

#5 Bonde la Msimbazi
Kwa hiyo utafiti hujafanya. Sasa kwa mujibu wa msemo wenyewe…

#6 Mama Lishe Msomi
😂😂 Umenipata. Nakaa pembeni nasoma komenti.

#7 Mstaafu Asiyestaafu
Habari za jioni. Kipanga, andaa hela ya soda.

Maneno hayo ni ya Mao Zedong, na mwaka unajulikana: Mei 1930. Wakati huo Mao hajawa Mwenyekiti wa nchi yoyote. Ana miaka 36, yuko msituni na jeshi lake kusini mwa China, katika wilaya inayoitwa Xunwu, mkoa wa Jiangxi. Alikaa pale akaanza kuuliza watu maswali ambayo kamanda wa kawaida asingejisumbua nayo: mjini kuna maduka mangapi, chumvi inatoka wapi, vinyozi wangapi, nani anatengeneza tofu, nani anamdai nani. Aliandika ripoti ndefu ya mambo hayo. Na karibu na wakati huohuo akaandika kijitabu cha kuwasema makada wenzake waliokuwa wakifika mahali, wanashuka kwenye farasi, wanatoa amri kutoka kwenye vitabu. Sehemu ya kwanza ya kijitabu hicho kichwa chake ndiyo hayo maneno. Anasema, tatizo hujalichunguza, basi unanyang'anywa haki ya kulisemea. Halafu anajiuliza mwenyewe, je huu si ukali mno? Anajijibu: hata kidogo.

Kijitabu kilipotea miaka mingi, kikamrudia Mao mkononi mwaka 1961, kikachapwa 1964 na ndipo kikapewa jina tunalolijua leo la kupinga kuabudu vitabu. Ila maneno yenyewe hayakungoja hadi hapo. Mwaka 1941 aliyarudia kwenye dibaji ya ripoti zake za vijijini, akasema wapo waliomcheka kwa kauli hiyo lakini hajuti kuitoa.

Mwalimu Nyerere kama aliwahi kuyatamka, aliazima.

#8 Kipanga wa Kibaha
Mstaafu shikamoo. Umeniua.

#9 Ustaadh wa Makorora
Asalaam aleykum. Mstaafu umeeleza vizuri, ila tusiwape Wachina sifa isiyo yao. Surat Hujurat aya ya 6 inatuamuru tukiletewa habari na mtu mpotovu tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na Al-Israa aya ya 36 imekataza kufuata jambo usilo na ujuzi nalo. Karne 13 kabla ya huyo Mao wenu.

#10 Tarumbeta
Na sisi tuna Mithali 18:13, "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Suleimani huyo, kabla ya wote.

#11 Bonde la Msimbazi
#9 na #10, nawaheshimu, ila someni tena. Aya zinakuonya usiseme au usifuate usilolijua: dhambi ni yako, aibu ni yako. Msemo wa Mao unakunyang'anya *haki*. Ni lugha ya kikao. Ni mwenyekiti anakwambia kaa chini. Hata wahenga wetu walisema "usilolijua ni kama usiku wa giza", lakini hakuna mhenga aliyesema aliye gizani afungwe mdomo.

#12 Ustaadh wa Makorora
Anayesema kwa kutojua akinyamazishwa ni rehema kwake pia. Lakini hoja yako nimeielewa.

#13 Nipo Wuhan
Bonde umegusa penyewe. Mimi nasoma huku China mwaka wa nne sasa, na maneno ya Kichina yenyewe yako hivi: *meiyou diaocha, meiyou fayanquan*. Tatizo ni kwamba *diaocha* si "utafiti" tunaoujua sisi, ule wa dodoso na sura ya tatu ya tasnifu. Huo wanauita *yanjiu*. *Diaocha* ni kwenda kuulizauliza, kuchunguza. Polisi akifuatilia tukio anafanya diaocha. Karani anayepita nyumba kwa nyumba anafanya diaocha.

Na *fayan* ni kusema kikaoni, kuchangia hoja. *Quan* ni haki lakini vilevile ni mamlaka, neno ni hilohilo. Kwa hiyo ukitaka kutafsiri kama inavyosikika huku ni kama "hujaenda kuuliza, huna kauli". Ukishatia "utafiti" hapo, msemo unahama kijijini unaenda chuo kikuu.

#14 Mtoto wa Kinyozi
"Bila upelelezi huna haki ya kusema." Hiyo ingetisha 😂

#15 Binti Mang'ula
Mimi baba yangu alifanya kazi na Wachina wakati wa kujenga reli ya TAZARA, alianza akiwa kijana wa kubeba vyuma akaishia fundi mitambo. Huu msemo ndio ulikuwa adhabu yetu nyumbani. Ukisema "radio imeharibika", anakuuliza: umefungua? Umeangalia betri? "Basi huna haki ya kusema." Tulikuwa tunajua ni wa kwake. Nimeshangaa sana kuukuta humu una hati miliki ya watu.
Ana kile kitabu chekundu kidogo cha nukuu za Mao, jalada la plastiki, kwa Kiswahili. Kilikuwa kwenye sanduku moja na vyeti vya ubatizo.

#16 Mstaafu Asiyestaafu
Binti, mwambie mzee afungue sura ya 23, ya uchunguzi. Nukuu ya kwanza kabisa mle ni ile dibaji ya 1941 niliyoitaja, na maneno yetu yamo. Kile kitabu kilitolewa Peking kwa lugha nyingi na Kiswahili ikiwamo, kikagawiwa kama njugu. Hiyo ndiyo njia ya msemo kuingia nchini. Reli ilianza kujengwa 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na Wachina walikula na kulala porini na vijana wetu.

#17 Kada Mstaarabu
Mzee Mstaafu nakupinga kwa adabu. Msemo haukupita relini, ulipita Mlimani. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar waliunda kikundi chao cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa Museveni huyuhuyu wa Uganda. Walikuwa na jarida, Cheche, likafungiwa 1970. Wale walisoma Mao asubuhi, Fanon mchana, na jioni wanamsikiliza Walter Rodney. Waliomaliza pale ndio wakawa walimu wetu wa Siasa, wakufunzi wa chuo cha chama cha Kivukoni, makatibu wa chama. Ndiyo maana unaposemwa unasemwa kwa sauti ya mhadhiri. Fundi reli hasemi "utafiti".

#18 Binti Mang'ula
#17 baba yangu alisema, kaka. Niliadhibiwa nao.

#19 Kada Mstaarabu
Ndiyo, lakini huenda aliupata kwa mwanafunzi aliyekwenda kujitolea relini.

#20 Bonde la Msimbazi
#19 hiyo ni chai, na haina hata sukari.

#21 Mkunazini Hashuki
Na nyinyi wa Bara hamuishi kujipa kila kitu. Zanzibar tulikuwa na watu wanaokwenda Peking wakati Dar bado Mwingereza yupo. Abdulrahman Babu, yule mwanasiasa, alikuwa mwandishi wa shirika la habari la China, Xinhua, kabla ya Mapinduzi, na chama chake cha Umma kilijaa vijana waliokunywa siasa za huko. Na Radio Peking ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Bibi yangu hajui kusoma, alikuwa anaisikiliza kwa ajili ya saa tu, na akiweza kuigiza mtangazaji. Msemo wa sikioni unaingia kwa sikio, hauhitaji kitabu wala reli.

#22 Mstaafu Asiyestaafu
Mkunazini, redio sikuifikiria. Hapo umenipa la kutafuna.

#23 Bwana Shamba Kimya
Nimesoma toka mwanzo. Ngoja niwape kisa, maana mimi nimekuwa upande wa kusema na upande wa kunyamazishwa.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilipelekwa kata moja ya nyanda za juu. Nina miezi miwili, natoa elimu ya nafasi za kupanda mahindi: sentimeta 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Mzee mmoja kasimama, ana jembe begani, kalishika mpini ulioisha kwa mikono yake. Anasema: "Mtaalamu, upande ule wa mtoni mbegu moja panya anaifukua usiku uleule, ndiyo maana sisi tunaweka mbili." Nikamjibu kwa ule msemo. Kwa kujiamini kabisa. Watu wakacheka, mzee akakaa.
Msimu ule shamba darasa langu la mtoni lilitoka na mapengo kama meno ya babu. Mzee alipita akasimama, akaangalia, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Miaka 12 baadaye niko kikaoni wilayani, naeleza kwamba mbegu tuliyoletewa haifai mwinuko wetu, na nimeipanda misimu miwili nyuma ya nyumba yangu. Mkubwa mmoja aliyekuja na gari asubuhi ile ananiuliza, "Utafiti wako umechapishwa wapi?"

Nilimkumbuka mzee wa panya.

#24 Mama Lishe Msomi
😔 Hii imeniingia.

#25 Bonde la Msimbazi
#23 ndipo ninapotaka tufike. Angalieni Mao alikuwa anamwambia nani. Alikuwa anamwambia kada, mtu wa juu, aliyekuja na farasi. Mzee wa panya ndiye aliyekuwa amefanya diaocha maisha yake yote. Sisi tumeugeuza: anayekuja na gari ndiye mwenye utafiti, anayelala na panya ndiye hana haki. Msemo umepinduliwa kichwa chini miguu juu na hakuna aliyestuka.

#26 Nipo Wuhan
Naongezea kwenye hoja ya Bonde. Kwenye dibaji ile ya 1941 Mao anawataja watu aliowahoji Xunwu, na hakuna profesa hata mmoja: makada wa kati na wa chini, msomi wa zamani aliyefukarika, mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara aliyefilisika, na karani wa mapato wa wilaya aliyepoteza kazi. Anasema hao ndio walikuwa walimu wake, na yeye mwanafunzi. Yaani kwa leo ni kama uende kijiweni uwakute dalali, mstaafu, na VEO (mtendaji wa kijiji) aliyetumbuliwa.
Pia 1931 aliongeza kipande ambacho huku kwetu hakikufika: hata aliyechunguza, kama hakuchunguza *sawasawa*, naye hana haki ya kusema.

#27 Mtoto wa Kinyozi
Hicho kipande cha pili kikifika humu jukwaani tutabaki na modi peke yake.

#28 Dodoma Kavu
Bibi yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Walikuja na lori, wakasema mnakaa barabarani. Bibi akawaambia pale barabarani maji ya kisima ni ya chumvi, na mashamba yako nusu siku kwa miguu. Jibu alilopewa hatukulijua, ila kila akimsikia mtu wa serikali redioni alikuwa anasema "wameshatafiti hao". Kama kejeli. Kwa hiyo #1, neno utafiti huku kwetu lilifika na lori.

#29 Kada Mstaarabu
Operesheni Vijiji ilikuwa na mazuri yake, shule na zahanati tulizipata.

#30 Dodoma Kavu
Sijasema haikuwa nayo. Nimesema maji yalikuwa ya chumvi.

#31 Msomaji wa Usiku
Nimechelewa. Nashangaa uzi mzima wa haki ya kusema hakuna aliyemtaja Voltaire: "Sikubaliani na unayosema, lakini nitaitetea haki yako ya kuyasema hadi kufa." Huo ndio msemo wa watu waliostaarabika, si huu wa kunyamazishana.

#32 Mstaafu Asiyestaafu
Ndugu Msomaji, pole, na huyo naye hakusema. Aliyeandika sentensi hiyo ni mwanamke wa Kiingereza, Evelyn Beatrice Hall, mwaka 1906, akijificha kwenye jina la S. G. Tallentyre. Alikuwa anaeleza msimamo wa Voltaire pale kitabu cha Helvétius kilipochomwa moto Ufaransa, akaufupisha kwa maneno yake mwenyewe, wasomaji wakadhani ni nukuu. Baadaye alikiri ni ya kwake. Voltaire alikuwa na miaka 128 kaburini.

#33 Msomaji wa Usiku
Duh. Nimeiweka kwenye wasifu wangu tangu 2013.

#34 Bonde la Msimbazi
Ibadilishe jina la chini tu. Maneno ni mazuri.

#35 Mama Lishe Msomi
Kumbe si mimi peke yangu. Sisi tumempa Mwalimu ya Mao, wazungu wamempa Voltaire ya Mama Hall. Kila watu wanampa mzee wao.

#36 Wakili Bila Joho
Tukija kwenye haki yenyewe: Katiba yetu ibara ya 18 inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake." Nimeisoma mara nyingi kwa riziki yangu, hakuna mahali inasema "baada ya utafiti". Bosi wa #1 ana haki ya kumwona kijana wa masjala mjinga. Haki ya kusema hana uwezo wa kuichukua.
Ila mwaka 2018 tulikaribia kuufanya msemo kuwa sheria. Yale marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalitaka takwimu zako zisipingane na za serikali. Utafiti unao, kusema huna. Yalilegezwa 2019.

#37 Wa Kisumu Ndogo
Niaje watu wa Tanzania. Kwetu Kenya huu msemo siujui kabisa, na nimezaliwa mjini. Sisi tuna ushiriki wa umma tangu Katiba ya 2010. Unaenda ukumbini, unapewa maikrofoni, unasema chochote hata kama mada ni bajeti ya kaunti na wewe unalia juu ya ng'ombe wa jirani. Kisha wanaandika "maoni yamepokelewa" na wanafanya walivyokuwa wamepanga. Sijui ni nani kati yetu ananyamazishwa vizuri zaidi.

#38 Bwana Shamba Kimya
#37 😂 karibu tubadilishane.

#39 Kada Mstaarabu
Pamoja na yote, tukubaliane msemo una kazi yake. Humu kila siku mtu anaamka na uzi wa chanjo, wa mikopo, wa sheria, hajasoma hata ukurasa. Mimi bado nausimamia.

#40 Nipo Wuhan
Usimamie, ila ujue ulivyofanya kazi nyumbani kwake. Mwishoni mwa 1958 Peng Dehuai, waziri wa ulinzi, alikwenda mkoani kwao Hunan akajionea hali ya vijiji vya komuni kwa macho yake. Julai 1959, mkutanoni Lushan, akamwandikia Mao barua kumweleza. Uchunguzi alifanya, wa kwenda mwenyewe kabisa. Akavuliwa uwaziri, na njaa iliyokuwa imeanza vijijini ikaendelea kuua mamilioni. Mwaka 1961 Mao mwenyewe akawa anawahimiza viongozi warudi vijijini kuchunguza. Ndiyo mwaka uleule kile kijitabu cha zamani kilimrudia mkononi.

#41 Ustaadh wa Makorora
Subhanallah.

#42 Tarumbeta
Kada umejibiwa.

#43 Kada Mstaarabu
Nimejibiwa kuhusu China. Kuhusu nyuzi za chanjo sijajibiwa.

#44 Binti Mang'ula
Wakuu, nimempigia mzee usiku huu. Nimemsomea uzi karibu wote, kacheka sana kwa #14. Anasema kitabu alipewa kweli lakini hakukisoma zaidi ya picha ya mbele. Maneno aliyapata kwa fundi wa Kichina waliyekuwa wakimwita Mzee Li, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kama arobaini. Mtambo ukizima, vijana wanaanza kubishana nini kimekufa, Mzee Li anafungua boneti, anawaonyesha ndani, anasema: "Wewe ona? Hapana ona, hapana sema."
Eti "utafiti" alikuja kuusikia baadaye sana, kwenye mkutano wa chama, akajua ni kitu kilekile kimevaa suti. Nyumbani ndipo akaanza kutumia cha suti.

#45 Kada Mstaarabu
Kwa hiyo "utafiti" ulitoka kwenye chama. Nilisema.

#46 Mkunazini Hashuki
Na chama nacho kilisikia wapi? Redioni.

#47 Mstaafu Asiyestaafu
Binti, mpe mzee shikamoo yangu. Muulize Mzee Li alikuwa anasema hivyo kwa wakubwa wake pia, au kwa vijana tu?

#48 Binti Mang'ula
Kashalala. Nitamuuliza asubuhi.

#49 Kipanga wa Kibaha
Wakuu nimerudi. Mhasibu nimemwonyesha uzi, kasoma hadi #7 akaniambia inatosha, lete soda. Nimemwambia asome hadi mwisho, kakataa. Nikamwambia basi bila utafiti hana haki ya kudai. Sasa bosi ndiye kaombwa aamue, na yeye kauliza Mao ni idara gani.

#50 Mtoto wa Kinyozi
Lipa soda mkuu. Ya kijana wa masjala iwe baridi.